Waya Ulioshuka Kwenye Migomba

Hili sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, hedifoni zikiwa kwenye masikio yangu haya haya. Kama kuna mtu hapa Mikumi anadai alilisikia kwingine, basi alilisikia kwangu akaenda kuliharibu njiani.

Naitwa Evarist, fundi. Shule niliiacha darasa la sita. Mwalimu wangu alisema sitafika popote, na miaka kumi baadaye aliniletea redio yake niitengeneze. Nikaitengeneza, nikamwachia kadosari kadogo ili arudi tena tupige stori. Kuanzia Ruaha kwenye miwa hadi Mvumi kule, hakuna redio, spika ya kanisa wala king'amuzi kilichokwama ambacho hakijapita mikononi mwangu. Sijisifu, natoa taarifa.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, siku ya Jumanne, nilikuwa nimekaa kibandani kwangu nakunywa chai na chapati mbili. Jua zuri, malori yanapita, sina presha na mtu. Simu ikaita. Alikuwa Bonifas, mwalimu wa kwaya kule Kilosa, rafiki yangu tangu ujana.

"Eva, saundi kadi yangu inanguruma."

"Iambie inyamaze."

"Leo sina utani, ndugu yangu. Njoo."

Saundi kadi ni kile kisanduku kidogo kinachopokea sauti kutoka kwenye maiki na kuipeleka kwenye kompyuta. Bonifas alikuwa nacho chumbani kwake, ndiyo studio yake: blanketi tatu ukutani, trei za mayai juu ya dari, maiki moja katikati. Nilijua kwa nini hana utani. Mkewe, Doris, alikuwa na uvimbe kooni. Madaktari wa Dar walishasema: Jumatatu wanampasua, na wakitoa uvimbe wanatoa na kile kiungo cha sauti. Ataishi, ila hatasema tena neno maisha yake yote.

Na huyu ni Doris ninayemsema. Mwanamke ambaye akianza kuimba kanisani hata wanaouza maandazi nje wanaacha kurudisha chenji.

Safari ya Dar ilikuwa Alhamisi. Kwa hiyo walikuwa na siku mbili za kurekodi nyimbo zake, na kubwa kuliko zote ilikuwa bembelezo. Aliitunga mwenyewe kwa ajili ya binti yao, Jackline, mwenye miaka minne. Hakuna kwaya inayoijua. Doris alitaka mtoto abaki nayo, aisikie hata akiwa mtu mzima. Ndilo lililonipeleka Kilosa mbio.

Nilifunga nondo ya shaba kwenye pikipiki kabla hata ya kuangalia ugonjwa wenyewe. Nyumba zile za wafanyakazi wa zamani wa reli, kama ya Bonifas, nazijua, nyingi hazina ethi, yaani ule waya unaoshusha umeme mbaya ardhini. Langoni nikamkuta mama yake Bonifas, Bibi Hildegarda, Mbena wa watu, anatoka na jembe anakwenda shambani kwake Mvumi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaitazama ile nondo, akapita bila neno jingine.

Ndani nikamkuta Doris kitandani na Jackline, wanamenya machungwa. Sauti yake bado ilikuwepo, ina mkwaruzo kidogo tu.

"Fundi umekuja na chuma hicho, unatibu kompyuta au unachimba kisima?"

"Shemeji, mimi nikitibu, ugonjwa hauachi hata anwani."

Akacheka. Nasema hivi ili ujue alikuwa anacheka.

Nikavaa hedifoni. Kweli, ilinguruma. Mmmmm, nzito, mfululizo, kama friji lililomeza nyuki. Nikaanza kazi kwa utaratibu, maana fundi ni utaratibu. Nikabadilisha kebo ya maiki: mmmmm. Nikatoa simu zote nje ya chumba: mmmmm. Nikazima friji na taa za tyubu: ikapungua unywele mmoja. Tena kisanduku kilikuwa na ugonjwa wa pili, katikati ya wimbo kinakatika, kompyuta inasema hakipo, kisha kinarudi kama mlevi anayerudi nyumbani. Hicho nilikitibu kwa dakika tano, tundu la kompyuta lilikuwa limelegea, nikahamia jingine. Kulikuwa na vipasuko pia, pa, pa, pa. Nikaipa kompyuta nafasi kubwa zaidi ya kupumua kwenye mipangilio yake, vikaisha.

Ikabaki ngurumo. Nikachomoa chaja ya kompyuta. Kimya kikaja nusu.

"Umeona?" nikamwambia Bonifas. "Nyumba yako haina ethi. Waya umekatwa pale kwenye mita tangu enzi za babu yako. Umeme hauna pa kushukia, unapitia kwenye masikio yetu."

"Basi turekodi kwa betri."

"Betri yako inakaa dakika kumi na mbili, nimeiangalia. Ngoja nikupe dawa ya kudumu."

Nondo ya ethi inataka udongo wenye unyevu. Ukiipiga kwenye udongo mkavu umepamba tu bustani. Mwezi wa kumi Kilosa ardhi imekauka imepasuka, lakini nyuma ya nyumba, pale maji ya bafuni yanapotokea, kuna shina la migomba, na chini yake udongo mweusi, laini, umelowa mwaka mzima. Hakuna aliyeniambia lolote kuhusu pale. Nikachimba kishimo, nikaweka mkaa na chumvi nusu kilo kama tunavyofanya siku zote, nikasimamisha nondo, nikainua nyundo.

Ilikuwa saa kumi jioni. Nondo iliingia kwa urahisi mno. Kwenye kina cha mkono ikagota, nikapiga kwa nguvu, nikasikia chini kitu kinapasuka. Kah. Kama kigae. Nikajua ni kigae. Baada ya hapo nondo haikuhitaji nyundo. Nilikuwa naisukuma kwa kiganja, inashuka.

Nikafunga waya, nikaupitisha dirishani hadi kwenye kile kisanduku. Bonifas akavaa hedifoni. Akanitazama. Nikaona macho yanamlowa.

"Eva. Hakuna kitu."

Nikavaa mimi. Jamani, nimefanya kazi hii miaka ishirini na tano. Kimya kile sijawahi kukisikia. Hata chumba chenyewe hakikusikika. Nilihisi kama nimetia kichwa kwenye mtungi.

Tukasema kesho asubuhi tunaanza. Jackline alikuwa amesimama mlangoni, chungwa mkononi.

"Baba, mbona hamumfungulii?"

"Nani, mwanangu?"

Akaonyesha kisanduku. Bonifas akamwambia aende akaoge.

Jumatano saa mbili asubuhi Doris alikaa mbele ya maiki. Alikuwa amejifunga kitenge chake cha kwaya, kama vile kuna watu watamwona. Wimbo wa kwanza akauimba wote bila kukosea. Mimi nilikuwa kwenye hedifoni, naangalia vile vitaa vya kijani vinavyopanda sauti ikiingia.

Kati ya ubeti wa pili na wa tatu, akapumua.

Na mwingine akapumua.

Pumzi fupi. Nyepesi. Haikuwa ya mtu mzima.

 Fundi haogopi, fundi anatafuta. Wimbo ulipoisha nikaomba mapumziko. Nikateremsha maiki hadi sifuri. Ipo. Nikachomoa kebo ya maiki kabisa. Ipo. Nikasema labda ni redio inaingia, kuna wakati kebo inanasa stesheni. Nikachomoa chaja, nikazima swichi kuu ya nyumba nzima, kompyuta ikabaki kwa betri. Kisanduku hakikuwa kimeshikwa na kitu chochote duniani isipokuwa kompyuta na ule waya wa ethi.

Pumzi ilikuwepo. Inaingia, inatoka. Inaingia.

"Vipi?" Bonifas akauliza.

"Vumbi kwenye swichi," nikamwambia. "Tuendelee."

Walikuwa na siku moja tu iliyobaki. Ungefanya nini?

Wimbo wa pili. Wa tatu. Katika wa tatu nikaona jambo. Doris akiimba, vitaa vilikuwa vimezima. Akinyamaza kuvuta pumzi, vinapanda. Nikageuza vitufe, nikazima nikawasha, nikarudisha tundu la zamani. Hali ile ile. Na Doris mwenyewe, kwa sikio la kawaida, nje ya hedifoni, alikuwa anafifia. Sio kuchoka. Mwimbaji akichoka sauti inakwaruza. Hii ilikuwa inapungua tu, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Tukasikiliza tulichorekodi. Wimbo wa kwanza, sauti yake ilikuwa mbali, kama yuko ng'ambo ya Mto Mkondoa. Wa pili, mbali zaidi. Wa tatu haukuwa na mwimbaji. Kulikuwa na pumzi tu, safi, iko karibu sana na maiki. Karibu vile mtoto anavyokuwa na titi.

"Daktari alisema sauti itakuwepo mpaka Jumatatu," Bonifas akasema. Alikuwa anamwambia nani, sijui.

Doris akafungua mdomo kumjibu. Kilichotoka kilikuwa mnong'ono.

"Bado bembelezo."

Saa nane mchana Bibi Hildegarda akarudi kutoka Mvumi, hakuwa ametegemewa hadi kesho yake. Hakupita mlango wa mbele. Alizunguka nyuma moja kwa moja kama mtu aliyeitwa. Tulimwona kupitia dirishani. Akaufuata ule waya kwa macho, kutoka dirishani hadi kwenye migomba. Jembe likamtoka begani. Akavua kanga ya kichwani, akakaa chini kwenye matope.

Tukatoka.

"Nani kapiga chuma hapa?"

"Mimi, mama," nikasema.

Akanitazama muda mrefu. Sikujua kwa nini. Kisha akamgeukia mwanawe, akaongea polepole, kwa Kiswahili cha kunyooka, yeye ambaye nyumbani huongea Kibena.

"Bonifas. Wa kwanza wenu yuko hapa."

Nilijua walipoteza mtoto kabla ya Jackline. Alizaliwa amekufa. Sikujua zaidi, na mwanamume hapaswi kujua zaidi. Mtoto wa hivyo hana matanga wala msalaba. Wanawake wanamzika alfajiri, mahali penye baridi, kwenye chungu, na wanakaa kimya.

"Tulimzika mimi na marehemu Agnesi, jirani yetu," Bibi akasema. "Baba haambiwi. Mama haambiwi. Hakulia hata mara moja yule mtoto. Hakupewa sauti."

Akaugusa waya kwa kidole, akakirudisha haraka.

"Sasa mmempelekea mdomo."

Bonifas alikuwa amekwishaishika nondo. Nami nikaishika. Tuing'oe, basi, yaishe. Ndipo mkono ukaja juu ya mikono yetu. Doris alikuwa nyuma yetu. Alikuwa amesikia yote.

Akatikisa kichwa.

"Doris, anamaliza sauti yako," Bonifas akasema. "Hukuisikia? Hakuna Doris mle ndani."

Akamvuta mumewe sikio karibu na mdomo wake. Lakini nilikuwa hatua moja, nikasikia.

"Jackline nimemwimbia miaka minne. Huyu sijamwimbia hata siku moja."

"Jackline hatabaki na kitu."

"Najua."

"Doris, nakuomba."

"Najua, Boni. Niache."

Akaingia ndani. Hakuna aliyemfuata kwanza. Kisha mimi nikamfuata, kwa sababu kisanduku kile ni mimi ninayekijua, na kwa sababu miguu ilikwenda yenyewe.

Alivaa hedifoni. Tangu tuanze hakuwa amezivaa, mwimbaji wa kanisani hazipendi. Akazivaa, akafumba macho, akasikiliza. Uso wake ukabadilika. Sitakuambia ulibadilikaje.

Akanionyesha kidole. Anza.

Nikabonyeza.

Aliimba bembelezo. Ubeti wa kwanza niliusikia. Wa pili niliusikia kwa shida. Wa tatu niliona midomo tu. Vitaa vya kijani vilikuwa vimezima. Kikawaka kimoja. Viwili. Vitatu. Midomo ikaendelea. Bonifas alikuwa mlangoni, amemshika Jackline, amemfunika masikio. Jackline alikuwa anatabasamu, anatazama ule upande wa waya.

Midomo ikasimama.

Vitaa vikapanda vyote. Kijani, njano, nyekundu.

Sikuwa na hedifoni. Hata hivyo nilisikia. Zilikuwa kichwani kwa Doris na bado nilisikia, kilio kimoja, chembamba, cha mtoto anayetoka tumboni dakika hiyo. Kikakata.

Bonifas alikimbia nje akaing'oa nondo kwa mkono mmoja. Niliizamisha mita nzima na zaidi, akaitoa kama kijiko kutoka kwenye uji. Haikuwa na chembe ya udongo. Nilipoishika ilikuwa ya moto.

Waliondoka Alhamisi. Hospitali, daktari alimwambia Doris aseme aa kabla ya kumpasua. Alifungua mdomo. Daktari akamwambia usiogope, sema tu. Alikuwa anasema. Walimpasua Jumatatu kama ilivyopangwa, wakatoa uvimbe na walichotakiwa kutoa. Yuko hai hadi leo, anauza vitambaa pale sokoni Kilosa, anaandika bei kwenye daftari. Bonifas ameacha kwaya. Jackline yuko darasa la kwanza na ameshasahau, nimemuuliza, mama yake alikuwa na sauti ya namna gani. Nyimbo zile tatu hazina mtu ndani. Tulizisikiliza tena na tena. Hazina hata pumzi sasa. Zina kimya kile cha mtungi.

Lile bembelezo Bonifas hakutaka libaki nyumbani. Alinipa kwenye flashi, akanipa na kisanduku, akaniambia peleka mbali, usinieleze umeweka wapi. Kisanduku nilikivunja kwa nyundo, nikakitupa. Flashi sikuweza. Iko kibandani kwangu, ndani ya kopo la misumari.

Nimeisikiliza mara tatu.

Mara ya kwanza, wiki ile ile, ilikuwa dakika nne za kimya na kile kilio mwishoni. Mara ya pili ilikuwa baada ya Krismasi. Flashi haijaguswa na mtu, tarehe ya faili ni ile ile ya Jumatano. Kilio hakikuwepo. Kulikuwa na mtoto anaguna, anaufuata wimbo, anakosea, anarudia. Anajifunza.

Mara ya tatu ni mwezi uliopita. Mchana, watu wanapita barabarani, jirani yangu Samwel anapanga matairi. Nikaichomeka kwenye kompyuta. Dakika nne za kimya. Kisha sauti. Ilikuwa sauti ya Doris, ile ya zamani, nzima, ya kuwafanya watu wasahau chenji, lakini imekaa kwenye mdomo mdogo usiojua maneno vizuri. Ikasema maneno matatu. Ikanyamaza. Faili likaisha.

"Chimba kwingine, baba."

Mimi ni mtu wa maneno mengi, na watu wananijua kwamba nikisimulia naongeza chumvi. Katika hili sikuongeza. Kuna sehemu moja tu niliyoitunga, nayo ni pale langoni, na uongo mdogo uliofuata kuificha. Bibi Hildegarda hakupita bila neno. Aliitazama nondo, akaniuliza ni ya nini, nikamwambia. Akageuka akaangalia nyuma ya nyumba, akanisogelea, akaninong'oneza ili mwanawe asisikie. Pale penye migomba usiguse, akasema. Hakunipa sababu, na mimi nilijua mwanamume hapewi. Nikamwitikia ndiyo mama. Halafu nikakuta upande mwingine udongo ni mgumu.